Profesa Gundi wa Narhanpur

Wewe uliyesoma chuo kikuu, au uliyempeleka mwanao huko, unaweza kumtaja mtu aliyeamua kwamba umefaulu? Usikimbilie kusema ni mwalimu. Mwalimu alisahihisha karatasi tu. Wala usiseme ni Makamu Mkuu wa Chuo, maana yeye siku ile alisimama jukwaani na joho lake akikukabidhi karatasi ambayo hakuisoma. Kuna chumba ambamo watu waliketi, wakanyoosha mikono, wakaandika mstari mmoja, na mstari huo ndio uliokufanya msomi. Hukijui chumba hicho, na si kosa lako. Lakini ukisikia kwamba hata makarani, matarishi na walinzi wanaokula na kuzeeka ndani ya chuo chenyewe hawakijui, hapo una kila sababu ya kukasirika.

Mokhtar Idrisi alikasirika. Alichelewa miaka kumi na tisa hivi, lakini alipokasirika alikasirika sawasawa.

Kazi yake ilikuwa kujalidi vitabu katika Chuo Kikuu cha Narhanpur, kaskazini mwa jimbo la Bihar. Baba yake alikuwa fundi cherehani aliyekaa kwenye baraza mkabala na lango la chuo, akishona majoho ya mahafali ambayo hakuna hata mmoja wa ukoo wake aliyewahi kuyavaa. Macho ya mzee yalipokwisha, Mokhtar alikuwa ameishia darasa la kumi. Sindano aliijua, uzi aliujua, basi akachukuliwa chuoni kama mfanyakazi wa daraja la nne. Daraja la nne ni wale ambao wa daraja la tatu wakisimama, wao hawana ruhusa ya kukaa.

Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo la utawala. Kilikuwa na mashine ya chuma ya kukandamizia, kisu kirefu, na sufuria ya gundi ya unga wa ngano iliyotiwa mrututu ili mende na mchwa wasile vitabu. Kwa sababu ya mrututu huo, ncha za vidole vyake zilikuwa na rangi ya kijanikibichi isiyotoka hata siku ya Idi. Kila mwaka aliletewa rundo la karatasi: kumbukumbu za mikutano ya mabaraza ya chuo. Kazi yake ilikuwa kuzishona, kuzivika kitambaa chekundu na kumrudishia karani mkuu, ambaye alizifungia kabatini na kutia ufunguo mfukoni.

Sasa wapiga chapa wa Narhanpur walikuwa na tabia moja: hawakuandika namba za kurasa. Labda hawakuambiwa, labda walidhani hayo ni mambo ya mjalidi. Kwa hiyo Mokhtar, ili ajue ukurasa upi unafuata upi, alilazimika kuusoma. Asubuhi alisoma, mchana alisoma, midomo ikichezacheza, kidole cha kijani kikitembea juu ya mistari. Neno lisiloeleweka aliliandika pembeni na kumsubiri profesa yeyote wa lugha ya Kihindi apite kwenye ngazi. "Mwalimu, samahani, 'kukasimu mamlaka' maana yake nini?" Maprofesa walicheka kwanza, kisha wakamweleza. Mtu anayesoma hivyo kwa miaka kumi na tisa anakuwa na chuo kizima kichwani. Wenzake walikijua chuo kama ng'ombe anavyoijua kamba yake, yaani umbali wa kufika tu.

Na hilo ndilo lililomuuma. Karani wa dirisha la tatu alijua dirisha la tatu. Ukimuuliza karatasi inakwenda wapi ikitoka kwake, alinyoosha kidevu kuelekea ukutani. "Huko." Akiulizwa ni nani anayeamua, alinyanyua macho darini. "Juu." Wote waliamini kwamba mambo yote huamuliwa na Makamu Mkuu, na kwa imani hiyo kila jalada lilipandishwa ngazi. Huko njiani kila ofisa aliandika neno lake. "Liwekwe mbele ya mkuu." "Kwa taarifa yako tukufu." Na lile neno la kuulia kabisa, ambalo ofisa huliandika asipotaka kusema ndiyo wala hapana: "Tujadiliane." Jalada likishaandikwa Tujadiliane, linashushwa chini, na hakuna anayejadiliana na yeyote. Kijana anasubiri nje, kwenye jua, mwaka unakwenda.

Kumkum Rishidev alikuwa mmoja wa hao waliosubiri nje. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mbili kutoka kitongoji cha Wamusahari ng'ambo ya mto, watu ambao vijiji vizima vimezoea kuwaona shambani kwa wengine, wakiwa wameinama. Katika kitongoji chao hakuna aliyewahi kufika darasa la kumi na mbili, na yeye alikuwa amemaliza mitihani ya shahada. Matokeo yalipobandikwa kwenye ubao wa matangazo, mbele ya jina lake paliandikwa: Yanasubiri. Alama za kuandika zilikuwapo, nzuri tu. Chuo chake kidogo cha kule wilayani ndicho kilichokosa kuleta alama za vitendo. Akaenda chuoni kwake, wakamwambia walikwisha kuzituma. Akaja Narhanpur, wakamwambia hazijafika. Alikuja kwa treni mara moja, mara mbili, mwisho miezi minane ikapita na ombi lake likawa limeandikwa mara saba katika daftari kubwa la dirisha la nne.

Siku alipokuja mara ya tano aliketi kwenye ngazi, juu kabisa ya kichwa cha Mokhtar, akala wali mkavu wa kupondwa kutoka kwenye pindo la mtandio. Mokhtar akatoka na kikombe cha maji.

"Binti, umekwama wapi?"

"Kila mahali, ba'mdogo. Dirisha la nne wananipeleka la saba. La saba wananirudisha la nne. Nimeanza kuwafahamu mpaka watoto wao."

Akamweleza. Mokhtar alisikiliza akikunja uso, halafu akasema polepole, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa hewani: "Mkutano wa thelathini na moja wa Baraza la Taaluma. Azimio la kumi na nne. Chuo kishiriki kisipoleta alama za vitendo ndani ya siku arobaini na tano, Mdhibiti wa Mitihani atampa mwanafunzi wastani wa alama zake za kuandika, na matokeo yatatolewa bila kusubiri kibali kingine."

Binti akaacha kutafuna. "Hiyo ni sheria?"

"Niliishona mimi mwenyewe, miaka tisa iliyopita."

"Basi kwa nini hawaifuati?"

Swali hilo lilimfanya Mokhtar asilale vizuri wiki nzima. Kwa nini hawaifuati? Alikwenda dirisha la nne akamuuliza Anjula Devi, karani wa pale, mjane mwenye miwani iliyofungwa uzi. Anjula hakuwahi kulisikia azimio hilo. Wa la saba hakuwahi kulisikia. Hakuna aliyelificha, msomaji, na hilo ndilo linaloudhi zaidi. Kama lingefichwa, angalau pangekuwa na mwizi wa kumkamata. Hapa palikuwa na watu mia mbili na arobaini waliopewa kila mmoja tofali lake, na hakuna aliyewahi kuonyeshwa nyumba.

Basi Mokhtar akaanza darasa. Hakuliita darasa. Alimwambia Anjula aje na chakula chake chini ya ngazi saa ya mapumziko. Kesho yake Anjula akamleta karani wa barua. Akaja Budhan, mlinzi wa lango, na Jhingur, tarishi mzee aliyepandisha majalada ngazini kwa miaka thelathini na moja bila kujua hata moja lilisema nini. Walikaa chini wote, makarani na matarishi, jambo lisilo la kawaida Narhanpur, wakila unga wa dengu uliokorogwa kwa kitunguu na pilipili, na Mokhtar akapanga vitu sakafuni.

"Hii sufuria ni Baraza la Taaluma. Maprofesa tupu. Masomo, mitihani, nani amefaulu, nani arudie, yote yanapikwa humu. Hiki kisu ni Halmashauri. Kazi yake ni kuajiri, kufukuza, majengo, ardhi. Kisu hakipiki."

"Na Makamu Mkuu?" akauliza Budhan.

"Ni mwenyekiti. Anakaa mbele kwenye sufuria na anakaa mbele kwenye kisu. Lakini mkutano ukishaamua, ameamuliwa na yeye."

Jhingur alicheka mpaka akapaliwa. "Wewe Mokhtar, miaka thelathini na moja nimembebea majalada mtu ambaye ameamuliwa?"

"Nusu ya hayo hayakuwa na kazi juu, kaka. Baraza likishampa Mdhibiti kazi, kazi ni ya Mdhibiti. Ukimpandishia Makamu Mkuu jalada hilo ni kama kumpelekea daktari wa macho jino lako."

"Na magoti yangu je, nani atayalipa?"

Waliendelea hivyo miezi miwili. Walijifunza kwa nini chuo kishiriki si tawi, nini Msajili anaweza kukataa na nini hawezi, kwa nini mwanafunzi anayehama ana haki ya barua yake hata kama mkuu wa idara amenuna. Anjula aliandika yote nyuma ya daftari la mwanawe la hesabu.

Habari zikamfikia karani mkuu, Shivnandan Jha, ambaye chuo kizima kilimwita Bara Babu, yaani mkubwa wa makarani. Alikuwa na ufunguo wa kabati la kumbukumbu kiunoni, kwenye uzi mweusi, karibu na uzi wake mtakatifu wa Kibrahmini. Alipita siku moja akachungulia chini ya ngazi.

"Ala, kumbe chuo kimefungua tawi. Na huyu ndiye Profesa Gundi?"

"Karibu, Bara Babu. Tunakula tu."

"Kuleni. Ila kitabu kina jalada na kina matumbo. Wewe umeajiriwa kwa jalada. Matumbo tuachie sisi."

Jina likamganda. Profesa Gundi, mpaka wauza chai wa langoni. Mokhtar hakulijali. Alichojali ni ombi lake la maandishi la kuonyeshwa kitabu cha mkutano wa thelathini na moja, ili Anjula aambatishe nakala kwenye jalada la Kumkum. Bila nakala hakuna ofisa ambaye angetia sahihi. Ombi lilikwenda kwa Bara Babu. Lilirudi likiwa na neno moja. Unalijua tayari.

Halafu yakaja mafunzo.

Wakaguzi wa taifa walikuwa waje kukipa chuo daraja, na kwenye fomu yao palikuwa na swali: je, wafanyakazi wamefundishwa kuelewa mfumo wa elimu ya juu? Ofisi ya Msajili ikaagiza mkufunzi kutoka mji mkuu. Bango likatundikwa ukumbini. Kila aliyealikwa akapewa mkoba wa plastiki wenye kalamu, na boksi lenye sambusa, ladu moja na ndizi. Waalikwa walikuwa daraja la tatu kwenda juu. Tangazo lilisema hivyo bila aibu. Watu wanaofungua milango, wanaobeba majalada, wanaomjibu mzazi aliyetoka kijijini, hao hawakuhitaji kuelewa kitu. Walihitajika kupanga viti. Mokhtar alipewa birika la chai.

Mkufunzi alikuwa kijana mwenye koti la bluu. Aliwasha picha ukutani: vyuo vya vioo vya nchi za mbali, vijana wamelala kwenye nyasi na vitabu vyao. Alisema maneno kama maono, dhamira na utamaduni wa ubora. Mbele waliketi Msajili na Mdhibiti wa Mitihani, Daktari Onkar Thakur, mtu mpole aliyekuja Narhanpur mwaka uliotangulia na ambaye mpaka siku hiyo alitia sahihi pale alipoonyeshwa. Nyuma makarani walisinzia, mmoja akikoroma kwa adabu.

Saa sita, Kumkum akatokea mlangoni.

Madirisha yote kumi na mawili yalikuwa yamefungwa. Alikuwa ameshuka treni, akakuta kufuli, akafuata sauti. Alisimama kizingitini na faili lake la plastiki, viatu vimejaa vumbi. Bara Babu, aliyekaa karibu na mlango ili boksi la pili lisimpite, akamwonyesha mkono arudi.

"Leo hakuna kazi."

"Bara Babu, kesho saa kumi na moja jioni chuo cha ualimu kinafunga kupokea. Nina nafasi. Wanataka hati ya matokeo tu."

"Njoo kesho kutwa."

"Kesho kutwa nafasi yangu ni ya mtu mwingine."

"Binti, huoni? Leo tunajifunza." Akamwonyesha bango, ambalo kweli lilisema hivyo, kwa herufi za dhahabu: Kuielewa Elimu ya Juu.

Mokhtar alikuwa hatua tatu kutoka hapo, birika mkononi. Alimwona binti akilisoma bango lile kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayetaka kukumbuka tusi vizuri. Hakulia. Afadhali angelia.

Ukumbini mkufunzi alikuwa anasema, "Kuna maswali?" kwa sauti ya mtu anayetazama saa.

"Lipo moja," Mokhtar akasema.

Vichwa vikageuka. Mtu wa chai alikuwa ameongea.

"Mheshimiwa mkufunzi, mwanafunzi amefanya mitihani yake, chuo chake hakikuleta alama za vitendo. Katika mfumo huu unaotufundisha, nani mwenye mamlaka ya kumtolea matokeo?"

Mkufunzi akatabasamu. "Swali zuri sana. Ni suala la uratibu wa wadau. Tutalirudia mwishoni."

"Mwanafunzi yuko mlangoni. Mwisho wake ni kesho."

"Mokhtar," akasema Bara Babu, "chai inapoa."

"Ipoe. Mdhibiti, niwie radhi. Jibu ni wewe. Mkutano wa thelathini na moja, azimio la kumi na nne. Huhitaji kibali cha mtu."

Daktari Thakur akageuka kwenye kiti. Hakukasirika, alishangaa tu, kama mtu aliyeambiwa ana chumba kingine nyumbani kwake. "Mimi? Hilo azimio liko wapi?"

"Kwenye kabati la Bara Babu, kitabu cha tatu kutoka kushoto."

"Kumbukumbu za Baraza ni siri," akasema Bara Babu, mkono ukienda kiunoni. "Hazitolewi bila amri ya maandishi ya Makamu Mkuu, naye yuko Patna mpaka Jumatatu. Azimio halina nguvu hadi lisambazwe kwa waraka, na waraka huo haupo. Nioneshe nakala moja nje ya kabati langu. Moja tu. Huna? Basi mimina chai."

Watu walicheka. Na katika kicheko hicho Mokhtar alitazama vidole vyake vya kijani.

Nakala zilikuwapo. Alikumbuka ghafla, na alikumbuka kwa haya. Miaka tisa iliyopita Bara Babu alimletea marobota mawili ya karatasi. Zilikuwa nyaraka za azimio hilohilo, zimepigwa chapa, zimetiwa sahihi na Msajili wa wakati ule na muhuri, tayari kwenda kwa vyuo vishiriki hamsini na viwili na kila dirisha. Ofisi ya barua ilisubiri amri ya kuzituma, Msajili akahamishwa, Msajili mpya akaandika Tujadiliane. Mwisho zikawa zinajaza njia. "Zitumie kubandikia majalada," Bara Babu alisema. "Karatasi nzuri hizi." Naye Mokhtar, akidhani ni mabaki, kwamba nyingine zilikwisha kwenda, alizipaka gundi moja moja. Mwaka ule alitengeneza madaftari makubwa ya ofisi zote, na karatasi zile zikawa ndani ya majalada yake. Haki ya maelfu ya watoto wa watu, wa vyuo hamsini na viwili, aliikandamiza kwa mashine yake mwenyewe, akaisubiri ikauke.

Akaweka birika chini. "Anjula dada, njoo na funguo za dirisha la nne."

Anjula alisimama mbele ya wakubwa wake wote, akafuta miwani, akamfuata. Walirudi wamebeba pamoja lile daftari kubwa la maombi, zito kama mlango, lile lile ambamo jina la Kumkum Rishidev liliandikwa mara saba. Wakalilaza juu ya meza ya mkufunzi, juu ya mikoba yake. Mokhtar akalifungua nyuma, akamimina chai ya moto kidogo kwenye kitambaa, akalainisha pembe ya ndani ya jalada, akachomeka kisu alichokipitia chini ya ngazi.

"Hiyo ni mali ya chuo," akasema Bara Babu, amesimama sasa. "Unaharibu mali ya chuo mbele ya Msajili."

"Naifungua, Bara Babu. Niliifunga mimi."

Karatasi ya juu ilichanika. Ya pili ikatoka nzima, imebabuka pembeni, ya kijani kidogo kwa mrututu, na muhuri umekaa palepale. Hakuna mende aliyeigusa. Akampa Mdhibiti. Daktari Thakur aliisoma kimya, halafu akaisoma tena kwa sauti, na alipofika kwenye maneno "bila kusubiri kibali kingine" sauti yake ilipungua.  Picha ya nyasi za mbali ilikuwa bado inang'aa ukutani.

"Dada Anjula," akasema mwishowe, "wangapi wako hivi?"

"Yanasubiri? Mwaka huu mia nne na kumi na moja, mheshimiwa. Ya miaka ya nyuma sijahesabu. Wengine wameshaacha kuja."

Jiulize wameacha kuja wakaenda wapi. Kwenye tanuri za matofali za Punjab, kwenye ndoa wasizozitaka, kwenye shamba la mtu, wameinama. Sio kwa sababu walifeli. Kwa sababu karatasi ilikuwa ndani ya jalada na watu walikuwa wanaandika juu yake.

Mdhibiti akamwambia Anjula aandike dokezo, aliweke mezani kwake kesho saa nne.  Msajili aliondoka kabla ya ndizi. Mkufunzi alipiga picha na bango. Na kabla ya saa kumi Jhingur alimletea Mokhtar bahasha, akiishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa.

"Barua ya kujieleza, ndugu yangu. Kwa nini hatua za nidhamu zisichukuliwe. Kuharibu daftari, kuacha kazi ya chai. Una siku saba."

"Umeisoma?"

"Siku hizi nasoma kila ninachobeba. Wewe ndiye uliyeniharibu."

Kumkum alilala kwa Anjula usiku huo.

Asubuhi yake Mokhtar alifika mapema, barua mfukoni, bado hajaandika hata salamu ya kuijibu. Foleni ya dirisha la nne ilikuwa imeshafika kwenye mti wa mwarobaini. Kumkum alikuwa wa kwanza. Mokhtar alisimama kwenye mlango wake chini ya ngazi, ambapo aliweza kuona dirisha na ngazi pamoja.

Saa nne kamili dirisha lilifunguka. Anjula alikuwa na dokezo limeandikwa, azimio limebanwa juu yake. Lakini dokezo la karani hupita kwanza kwa Bara Babu, na Bara Babu aliliandika haraka, bila kukaa, akamrushia tarishi. Jhingur akatoka na jalada kifuani. Akafika kwenye ngazi. Akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza, kama alivyofanya kila siku kwa miaka thelathini na moja, kisha akasimama, akalifungua, akasoma.

"Limeandikwa nini?" Mokhtar akauliza.

"Kwa Makamu Mkuu, kwa kibali chake kitukufu, atakaporudi."

Bara Babu alikuwa ametoka mlangoni kwake. "Jhingur, unangoja nini? Panda."

Mzee akautoa mguu wake kwenye ngazi. "Jalada hili halina kazi juu, Bara Babu."

"Umesema?"

"Baraza limeshaamua. Kazi ni ya Mdhibiti, na Mdhibiti yuko huku chini, mlango wa kushoto." Akageuka, na kwa mwendo wake wa magoti mabovu akaenda mlango wa kushoto. Budhan mlinzi, aliyekuwa ameacha lango lake, akamfungulia.

Bara Babu alirudi chumbani kwake, mkono kwenye ufunguo. 

Daktari Thakur alitia sahihi akiwa amesimama. Mpiga chapa akachapa hati, na mara hii, pembeni chini, kwa hiari yake, akaandika namba ya ukurasa. Saa tano na robo Anjula hakuipitisha dirishani. Alitoka nje nayo, akampa Kumkum kwa mikono miwili.

Binti alisoma jina lake. Alisoma alama. Chuo cha ualimu kilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu, na alikuwa na muda wa kutosha. Lakini Mokhtar hakumwona akielekea langoni. Alimwona akigeuka nyuma, kwa kijana mrefu aliyemfuata kwenye foleni, mwenye shati lililolowa jasho.

"Na wewe yanasubiri?"

"Miaka miwili sasa, dada."

"Leta mkono."

Akamshika kiganja, akaomba kalamu kwa Anjula, akaandika: 31, 14. Yule akamgeukia aliyemfuata na kumwonyesha. Foleni ikaanza kuinama, mmoja juu ya kiganja cha mwenzake, kutoka dirisha la nne mpaka kwenye mwarobaini.